Aliyejiita Mkesha

Polisi walimkamata shemeji yake Sponji Jumatatu asubuhi, akinuka petroli mpaka kwenye nywele. Alikuwa ametupa chupa ya moto kwenye mlango wa ofisi ya ardhi, na mlinzi wa ofisi hiyo akaungua mikono yote miwili akihangaika kuuzima. Ndani ya simu yake mlikutwa maneno ya mtu aliyejiita Mkesha, maneno ya kumpandisha mtu mori mpaka awashe kiberiti. Mkesha huyo alikuwa Sponji mwenyewe.

Hakuna aliyelijua hilo ila yeye peke yake. Polisi hawakujua, mkewe hakujua, na Shemeji kule mahabusu hakujua. Ungemuuliza mtu yeyote mjini, angekuambia kwamba adui mkubwa wa wachochezi wa mtandaoni ni Sponji, yule mtengeneza magodoro, mwenye Umoja wa Kulinda Vijana.

Umoja huo aliuanzisha baada ya bomu la stendi kuua wapakiaji wake wawili waliokwenda kupokea mzigo wa vitambaa. Ilipojulikana kwamba aliyelitega alifundishwa kila kitu kwenye simu, Sponji alifunga karakana, akakaa, akawaza, kisha akaanza kutoa pesa mfukoni mwake. Alinunua spika, akachapisha fulana, akawa anaalikwa mashuleni na kwenye nyumba za ibada kuwaambia vijana wasikubali kujazwa ujinga. Akitoka huko anaingia kwenye makundi ya siri kwa jina la bandia, anapiga picha maneno ya wachochezi na kuwapelekea polisi.

Sasa makundi yale yana sheria yake: anayekaa kimya wiki nzima anatimuliwa, maana mkimya ni mpelelezi. Kwa hiyo Sponji ilimbidi aseme. Mwanzoni alinakili maneno ya wengine. Yakawa hayatoshi. Akaanza kutunga yake, na hapo akagundua kwamba ana kipaji. Miaka mingi ya kuuza magodoro ilikuwa imemfundisha jambo moja: mteja usimsifie godoro, muulize mgongo unamuuma wapi. Akishakuonyesha panapouma, atajiuzia mwenyewe. Basi Sponji akawauliza watu wa kundini panapowauma, nao wakamwonyesha. Haukupita muda Mkesha akawa mtu wa kusubiriwa. Asipoandika jioni, watu wanaulizana yuko wapi. Na kila alipopiga picha za kupeleka polisi, alikata kwanza ile sehemu yenye maneno yake.

Alijiambia kwamba ni chambo tu. Mvuvi hawezi kwenda kuvua na ndoano tupu.

*

Afande wa kitengo cha mitandao alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, anayependa kumaliza sentensi kwa kikohozi. Alimpokea Sponji kwa mikono miwili kama siku zote.

"Karibu mzee wetu, keti. Pole sana na haya ya shemeji yako. Ndiyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako."

"Nimeshapoa, Afande. Anasemaje?"

"Hasemi. Na ndicho nilichokuitia." Alimsogezea karatasi tatu juu ya meza. "Hizi tumezitoa kwenye simu yake. Mazungumzo ya faragha, yeye na huyu Mkesha. Yeye alijiita Mvumilivu. Soma, nataka jicho lako."

Sponji alivaa miwani yake. Maneno aliyajua kabla hayajatulia machoni. *Ndugu yangu Mvumilivu, wewe umevumilia kweli. Lakini nitajie mtu mmoja aliyewahi kulipwa kwa kuvumilia. Waliokubomolea wamelala. Na ule mlango wanaojificha nyuma yake ni wa mbao tu.*

Kwenye simu, usiku wa kuyaandika, yalikuwa maneno yanayoteleza. Hapa kwenye karatasi, chini ya taa ya serikali, yalikaa kama meno yaliyong'olewa.

"Unaonaje?" Afande aliuliza.

"Ni mtu... ni mtu anayejua kuongea."

"Anajua! Mimi mwenyewe niliposoma nikakumbuka shamba la marehemu baba lilivyomezwa na barabara, nikaona hasira inapanda, na mimi ni polisi. Wataalamu wetu wanasema huyu ni msomi. Wanakisia mtu wa chuo kikuu, pengine amesomea saikolojia huko nje."

Sponji aliishia darasa la saba. Aliposikia vile, kitu fulani kifuani mwake kikataka kunyanyuka na kutabasamu. Kilidumu kitambo kidogo tu, kama mtu anavyosikia jina lake likitajwa kwenye redio. Halafu akaona haya kiasi kwamba aliinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

"Shemeji yako ni dagaa," Afande aliendelea. "Mimi namtaka papa. Nimemwambia, tusaidie kumvuta huyu Mkesha, mwandikie tukiwa pembeni yako, ajitokeze mahali, nasi tutakufanya shahidi. Amekataa. Eti huyo ni ndugu yake, hamtoi. Akiendelea hivyo nitamfungulia shitaka la ugaidi, na hilo si la miaka miwili mitatu, mzee. Ni kumi na tano. Kaongee naye. Wewe atakusikiliza."

"Nitaongea naye."

"Halafu kitu kimoja." Alikohoa. "Wewe umo kwenye kundi hilohilo. Hukumwona huyu Mkesha akimrubuni?"

"Ya faragha hayaonekani kwa wengine, Afande."

"Kweli. Kweli kabisa."

Na kwa kweli lilikuwa jibu la kweli. Uongo mzuri hukaa ndani ya ukweli kama funza ndani ya embe. Ambacho hakusema ni hiki: Ijumaa, Mvumilivu alimwandikia Mkesha kwamba Jumatatu atakwenda kugonga mlango. Sponji aliyaona. Hakujua Mvumilivu ni nani. Nyumba zilizobomolewa kupisha barabara zilikuwa mamia, na waliolia walikuwa wengi. Lakini alijua kwamba ni jambo la kupeleka kwa Afande saa ileile. Hakulipeleka; alijiambia kwamba hiyo Jumatatu ni maneno ya hasira tu. Jumanne kulikuwa na mkutano mkuu wa Umoja, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa kweli, wa kuja na magari ya kung'aa. Sponji alitaka kuyaonyesha maneno ya Mvumilivu kwenye ukuta, watu wakiwa wamejaa, aseme: haya ndiyo tunayopambana nayo, na kijana huyu tunamkabidhi leo mikononi mwa sheria. Alishaiona ile shangwe. Suti yake ilikuwa kwa dobi.

*

Mama Pacha alikuwa sebuleni, amekaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani kama abiria. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikuwa kimya.

"Wamesemaje?"

"Wanasema ni zito."

"Uzito naujua. Nimekuuliza wamesemaje."

Alimwambia habari za miaka kumi na tano na za kuwa shahidi. Hakumwambia zaidi.

"Wakili nimempigia," mkewe alisema. "Anataka laki nane ndipo afungue faili. Toa ile ya mkutano."

"Ile ni ya Umoja."

"Umoja ni nani? Spika ni magodoro yetu. Viti vya kukodi ni magodoro yetu. Hata yale maji ya chupa anayokunywa Katibu wako ni makava niliyoshona mimi. Leo ndugu yangu yuko ndani, unaniambia ile ni ya Umoja?"

"Nitaitoa."

"Uitoe leo." Aliufungua mkoba, akaufunga. "Baba Pacha, mimi huyu nimembeba mgongoni nina miaka kumi na miwili. Mama alipokufa watu walinicheka shuleni, wakisema nimezaa. Nikamlea, nikakuletea hapa umfundishe kukata sponji. Wewe unazunguka mashule yote kuokoa watoto wa watu. Huyu unakula naye meza moja. Hukuona kitu?"

"Sikuona."

"Hukuona, au hukutazama?"

Mume mwenye kosa huwa mpole kupita kiasi. Sponji alisimama akaenda kumletea maji ambayo hakuyaomba.

"Na huyo Mkesha," Mama Pacha alisema, glasi ikiwa mkononi, "nikimpata wala sitampiga. Nitamuuliza jambo moja tu. Mdogo wangu alimkosea nini?"

*

Alasiri Katibu alimfuata Sponji kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwembamba wa suruali za kubana, msemaji kuliko redio ya saluni, na siku ya kukamatwa kwa Shemeji aliiona kama siku nyingine ya kazi.

"Bosi, usikate tamaa. Hii tukiicheza vizuri inatubeba. Mwanaharakati aliyepigwa ndani ya nyumba yake! Twende hospitali, picha mbili tatu na majeruhi, kesho mgeni rasmi anazikuta ukutani."

"Leo hapana picha."

"Bosi..."

"Nimesema hapana. Shika hiyo bendera ya Umoja uikunje."

Mlinzi alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko kama glavu za bondia. Mkewe alikuwa akimnywesha chai kwa mrija. Mlinzi alimtambua Sponji, kwa kuwa nani hamjui, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nisamehe, mheshimiwa, siwezi kukupa mkono. Mikono yangu yote iko likizo."

"Pole sana, ndugu yangu. Nimekuja... Aliyefanya hivi ni shemeji yangu."

"Tumeambiwa," alisema mke wa mlinzi, bila kumtazama. Alivuta kiti kwa mguu, akamkaribisha kwa kidevu, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri akammiminia chai.

"Nitakuambia kitu cha huyo shemeji yako," mlinzi alisema. "Chupa aliitupa, akakimbia. Mimi sikutakiwa kuushika mlango, lakini ndani kulikuwa na redio yangu na koti, nikajitia ushujaa. Nikawaka. Nikapiga kelele. Yule kijana alisimama, akanitazama, akarudi. Alivua shati akanizimia nalo. Polisi wamemkuta kanipakata. Angekimbia hivi sasa mngekuwa mnamtafuta mpakani. Hilo liandikwe mahali."

"Litaandikwa."

"Sijasema nimemsamehe. Daktari anasema vidole vingine havitapona, na mimi sina cheti, nina mikono tu. Lakini hasira yangu haiko kwake yote. Iko kwa yule aliyempa maneno. Yule mwenyewe saa hizi kakaa mahali pazuri anakunywa chai."

Sponji alikuwa amekishika kikombe njiani kwenda mdomoni. Hakujua akinywe au akiweke. Alikinywa chote kwa mkupuo, chai ikamuunguza koo, na mke wa mlinzi akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Mheshimiwa alikuwa na kiu," alisema.

Huko nje Katibu alikuwa ameegemea pikipiki, akijipiga picha na bango la hospitali.

*

Jumanne asubuhi, suti ikiwa imetundikwa mlangoni mwa chumba cha kulala, Sponji alivaa shati la kazi akaenda mahabusu. Walimleta Shemeji kwenye chumba chenye benchi mbili. Alikuwa amevalishwa fulana ya mtu mwingine, ndefu, akiwa na malengelenge mawili shingoni. Alipomwona Sponji alitazama chini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Dada yuko vipi?"

"Yuko vibaya." Sponji alikaa. "Sikiliza. Afande anakutaka umsaidie kumvuta yule mtu. Ukikubali, unatoka."

"Simtoi."

"Humjui hata sura!"

"Namjua." Shemeji aliinua macho, na Sponji akaona hamna hasira ndani yake, ila kitu kama cha mtu anayemtaja mzazi wake. "Shemeji, wewe ni mtu mzuri, umenipa kazi, sikuvunjii heshima. Lakini miaka yote ile, kila asubuhi unaniuliza kitu kimoja: leo umekata mangapi? Nyumba yangu ilipobomolewa ulinipa siku mbili za mapumziko na godoro lenye kasoro. Nikashukuru. Hukuuliza kitu. Wala dada hakuuliza, alilia tu, nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza. Yule mtu aliniuliza. Aliniambia, nionyeshe panapouma. Nikaandika mpaka simu ikaisha chaji. Akasoma yote, akanijibu moja moja. Unajua ni mara ngapi mtu amewahi kunijibu moja moja?"

"Huyo alikupeleka kuchoma watu."

"Hakuniambia nichome."

"Alikuambia mlango ni wa mbao."

Shemeji aligusa malengelenge ya shingoni. Sponji akashtuka, maana alikuwa ameropoka jambo ambalo hakupaswa kulijua ila kwa kusoma zile karatasi. Kisha akakumbuka kwamba karatasi alizisoma, na akavuta pumzi. Aibu ya pumzi ile aliibeba siku nyingi. Shemeji yake alikuwa anaondoka na miaka kumi na tano, naye alikuwa anashukuru kwamba hajashtukiwa.

"Nilimchoma yule mzee," Shemeji alisema polepole. "Hilo ni langu. Ndugu yangu simtoi. Nitakuwa nimebaki na nini?"

*

Karakana ilikuwa wazi, kwa sababu oda za watu hazijui msiba. Mafundi walikuwa nyuma wakipaka gundi. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani ya mbele, akishona zipu kwenye kava la futi tano kwa sita. Simu ya Sponji ilikuwa ikitetemeka mfululizo: Katibu. Mgeni rasmi amefika. Mgeni rasmi amekaa. Bosi uko wapi.

Sponji alikaa juu ya rundo la vipande vya sponji. Kitu laini kama kile humfanya mtu mzima aonekane mtoto. Magoti yalimfika kifuani.

"Mama Pacha."

"Amesemaje?"

"Mkesha ni mimi."

Cherehani haikusimama. Alishona zipu mpaka mwisho, akarudisha nyuma mishono miwili ya kufunga, akakata uzi kwa meno.

"Rudia."

"Ni mimi. Niliingia mle kuwakamata, ukinyamaza wanakufukuza, nikawa naandika. Sikujua ni yeye. Naapa kwa wanangu, sikujua ni yeye."

"Angekuwa mtoto wa mwingine ingekuwa sawa?"

"Sikusema hivyo."

"Ulikuwa unaandikia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sebuleni. Kwenye kochi."

"Mimi nikiwa wapi?"

Sponji alitazama mikono yake. "Pembeni yangu. Ukitazama tamthilia."

"Nilikuuliza unacheka nini," Mama Pacha alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. "Siku moja nilikuuliza, unacheka nini peke yako na simu. Ukasema Katibu amekuletea kichekesho."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeandika nini?"

"Ule mstari wa mlango wa mbao. Niliona... niliona umekaa vizuri."

Mkewe alilikunja lile kava mara mbili, akalilaza juu ya mengine, akapangusa vumbi lisilokuwepo. Fundi mmoja alichungulia kuomba gundi. Akaona uso wake, akarudi.

"Twende," alisema.

"Ngoja kwanza, nisikilize. Nikisema hili, kesi zote nilizopeleka zinaanguka. Zote. Mle ndani kuna wapayukaji, lakini kuna watu wabaya kweli. Kuna mmoja anaagiza vifaa, nyaya, saa, namjua kwa maneno yake, yuko rumande kwa ushahidi wangu. Wakili wake akisikia kwamba shahidi mwenyewe alikuwa mchochezi..."

"Hiyo ni sababu au ni kichaka?"

"Sijui."

"Sasa ukishajua itakuwa mdogo wangu ana mvi." Alichukua mkoba wake. "Simama, Baba Pacha. Nisikuvute mbele ya mafundi."

Simu ikatetemeka tena. Mama Pacha akaichukua mkononi mwake, akaipokea. "Katibu, mwenyekiti wenu hatakuja. Mwambieni mgeni anywe maji."

*

Afande aliwaweka wote chumba kimoja: yeye, mpelelezi mwingine wa kuandika, Sponji na mkewe, na Shemeji akiwa na pingu. Sponji alisema maneno yake akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Alipomaliza, wa kwanza kuongea alikuwa Shemeji, tena kwa upole.

"Afande, msimwandike. Dada ndiye amemtuma. Anataka kunibebea." Akamgeukia Sponji. "Shemeji, ahsante. Lakini wewe huwezi kuandika vile. Wewe!" Akacheka kidogo, bila dharau, kama unavyomchekea mzee anayesema ataruka ukuta. "Wewe hata salamu za msiba anakuandikia Katibu."

"Ni mimi."

"Shemeji, acha."

"Thibitisha, mzee," Afande alisema. Alikuwa ameshavua miwani. "Simu yako nitaichukua na nitaona. Lakini sema kitu ambacho hakimo kwenye karatasi zile tatu."

Sponji alijua cha kusema. Alikijua tangu mlangoni, na alikuwa ameomba asifikishwe hapo.

"Siku tingatinga lilipokuja," alisema, akitazama sakafu, "ulimwandikia Mkesha kwamba hukusimama mbele yake kama ulivyotuambia sisi. Ulijificha nyuma ya choo cha jirani. Mkeo alibaki peke yake uani na masufuria kichwani, akikuita. Ulimsikia. Hukutoka. Ukaandika kwamba tangu siku ile ukimgusa anajikunja, na kwamba hilo huwezi kumwambia mtu mwenye uso."

Mpelelezi aliacha kuandika. Mama Pacha aliweka kiganja mdomoni. Jambo lile hakulijua, na sasa alilijua mbele ya polisi wawili.

Shemeji hakupiga kelele. Alikaa pale pale, pingu zikilala mapajani, na rangi ya uso ikamtoka taratibu.

"Kwa hiyo hukuwa unanisikiliza," alisema.

"Nilikuwa nakusikiliza."

"Ulikuwa unanipima."

Sponji alifungua mdomo. Yule aliyekuwa na neno kwa kila mtu, mteja wa kila aina, mwenye maumivu ya kila mahali, hakupata hata moja.

"Nirudisheni ndani," Shemeji alimwambia Afande. "Nitaandika mnachotaka."

Walipomtoa, Afande alibaki akipangusa miwani kwa ncha ya sare. "Mzee," alisema, "unaelewa umenifanyia nini? Nina faili sita zenye jina lako juu. Ungekuja Ijumaa na lile la Jumatatu alilokuandikia, nimelisoma kwenye simu yake, leo mlinzi angekuwa na mikono, huyu angekuwa na onyo, na mimi ningekuwa na faili zangu."

"Ijumaa alijua?" Mama Pacha aliuliza.

Afande alimtazama Sponji amjibu mkewe mwenyewe. Alimjibu.

*

Gharama zake ni hizi.

Mlinzi alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto. Kazi ya ulinzi haikurudi. Mkewe anauza mkaa, naye anakaa dukani kupokea pesa, anazibana kwa kiganja.

Shemeji alifungwa miaka minne badala ya kumi na tano. Mkewe alirudi kwao mwezi wa pili. Haikuwa kwa sababu ya jela. Maelezo ya Sponji yalisomwa mahakamani kwa sauti, na yeye alikuwa amekaa benchi la mbele.

Sponji alipata miaka mitatu, mmoja wa ndani na miwili ya nje. Karakana iliuzwa pamoja na mashine zake, nusu ikaenda kwa mlinzi, nusu kwa mawakili, na mafundi saba wakatawanyika. Umoja ulifutwa. Katibu alipata kazi ya kutangaza redioni.

Mama Pacha hakumwacha mumewe. Mwaka ule alikwenda jela mbili kila mwezi, kwa mdogo wake asubuhi, kwa mumewe jioni. Kwa mdogo wake alikuwa anapiga soga mpaka kengele inalia. Kwa mumewe alikabidhi sabuni na dawa ya meno, akamtajia afya za watoto, akaaga.

Faili sita ziliitwa mahakamani moja baada ya nyingine. Kila wakili aliuliza swali lilelile: kati ya mteja wangu na shahidi, nani alimchochea mwenzake? Faili mbili zilisimama. Nne zilifutwa. Katika wanne walioachiwa, watatu walikuwa wapayukaji, na mpaka leo wanapayuka. Wa nne ni yule aliyekuwa akiagiza vifaa. Alitoka siku ya Alhamisi, akapokelewa na mama yake.

Miezi mitano baadaye bomu lililipuka kwenye ukumbi wa sinema, onyesho la watoto. Waliokufa ni kumi na wanne.